Hita Niliyoipimia Sebule ya Jirani

Nakumbuka Jumapili moja ya Julai, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, tulipokuwa tukiishi South Beach, mtaa wa pwani ya Durban, katika fleti iliyogawanywa kwa mbao ili familia tatu zitoshe. Chumba chetu, mimi, mke wangu na binti yetu Neema wa miezi miwili, kilikuwa mita tatu kwa mbili na nusu. Hakikuwa na dirisha. Watu husema Durban hakuna baridi; hao hawajalea mtoto mchanga kwenye ghorofa ambalo upepo wa bahari unapenya kila ufa.

Mimi ni mtu wa kupima kabla ya kukata. Kwa wiki tatu nilizunguka maduka na daftari, nikilinganisha hita za mafuta ya taa, za gesi na za umeme. Nikaamua: hita ndogo ya umeme, isiyo na moto wala moshi. Ulikuwa uamuzi sahihi. Nakuambia hivyo ili ujue kwamba ujinga haukuwa tatizo langu.

Tatizo langu lilikuwa Papa Furaha, jirani wa fleti ya juu, mtu wa Bukavu, Kongo, kama sisi. Alinunua hita ya gesi ya magurudumu, mtungi umefichwa nyuma, mbele paneli tatu zinawaka nyekundu. Mke wangu alirudi kutoka kwao akasema tu, "Kule kwa Mama Furaha iko joto, Papa Neema. Mtoto amelala bila blanketi." Hakunilinganisha na mtu. Lakini hasidi hana sababu. Nilisikia tusi pasipokuwa na tusi.

Walipotualika kula, nilihesabu vigae vya sakafu yao huku nikimeza ugali wao. Sebule ilikuwa mita tano kwa nne. Kesho yake nilipanda taxi hadi duka la hita huko Pinetown, nje ya jiji. Muuzaji aliniuliza swali moja la maana: chumba kina ukubwa gani? Nikamjibu, bila kupepesa macho, mita tano kwa nne. Akanipa hita ya gesi kubwa kuliko ya jirani, akaniambia niwe naacha dirisha wazi. Nikaitikia kwa kichwa, mtu asiye na dirisha.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilimwalika Papa Furaha aje aione. Nilitaka afungue mlango apigwe na joto usoni. Basi niliwasha paneli zote, nikaziba upenyo wa chini ya mlango kwa blanketi, mke wangu na mtoto wakiwa ndani, nikasimama kwenye korido kumngoja. Alichelewa, na kila dakika nilifurahi kwamba joto linaongezeka.

Hatimaye alifika, akafungua mlango. Mke wangu alikuwa ameegemea ukuta, macho mazito. Mtoto hakushtuka. Papa Furaha alimnyakua akakimbia naye hadi kwenye ngazi za nje; mimi nikamburuta mama yake. Kwenye upepo, baada ya muda ambao sitaki kuukadiria, mtoto akalia.

Mke wangu alipomaliza kutapika, jirani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwambia muuzaji chumba kiko kikubwa namna gani?"

"Tano kwa nne."

"Ile ni salon yangu, sebule yangu." Akamfunika mtoto kwa koti lake la kanisani. "Papa Neema, ulipima kwangu, ukaenda kulala kwako. Moto unavuta hewa sawa na mtu. Kwangu mlango wa balkoni hatufungi. Ulitaka nini, nikuonee wivu?"

Na nakuungamia, mwanangu: hata pale ngazini, binti yangu akilia kifuani mwake, nilimwonea wivu kwamba ni yeye aliyemtoa. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Haukomi hata kwa hofu.

Basi sikia. Ukitaka kuipasha nyumba yako joto, kipime chumba chako mwenyewe, tazama hewa inaingilia wapi, ndipo uende dukani. Na muuzaji mwambie ukweli, hata ukikuaibisha. Moto wa gesi au wa mafuta ya taa usiuwashe pasipo na dirisha, wala usilale nao. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao; mbacha wangu ulikuwa uamuzi wangu wa hita ya umeme, umeshaandikwa daftarini. Wivu utakujia, kwani humjia kila mtu. Ukija, usiupe kazi ya kuchagua kitu ambacho wanao watakivuta puani.

Mungu akupe paa linalokutosha, jirani asiyesubiri kukaribishwa mara mbili, na watoto wanaoamka kila asubuhi wakidai kula.