Jicho Haiivi Kama Ndizi

“Mama, angalia juu, usitingishike,” docta akasema. Sindano ikaingia ndani ya jicho yangu ya kuume, ile moja tu inaonaka. Nilishika blouse ya infirmière, muuguzi wake, kwa nguvu mupaka kifungo ikakatika. Hakunikaripia. “Utanishonea wewe mwenyewe, siku utaona,” akasema.

Mishono njo ilinileta kwa docta. Nilikimbia vita ya Mbau nikibeba machine ya kushona kwa kichwa, nikaanza tena kushona Beni. Kisha mistari ikaanza kupindika. Nafumua, nashona tena, nasema machine njo imezeeka. Kumbe mishono ilikuwa imenyooka. Paluku, muuza dawa karibu na soko, akaniwashia torche ndani ya jicho. “Ni cataracte, mutoto wa jicho. Ngojea iive, njo batatoa.” Nikangojea mwaka muzima.

Mwaka ile ikaisha, sioni muzuri; asubuhi moja tukatoka Beni kwenda kwa docta ya macho Butembo. Papa Issa, dereva, akanipa kiti ya mbele. Kwa barrière, pahali baaskari banasimamisha magari, akauliza, “Mama Masika, unaona bendera?”

“Naona bya pembeni tu. Ya katikati hapana.”

“Basi uko kama basoda ba huku.”

Tukacheka, lakini kisha kupita barrière.

Saa sita, Butembo. Docta akapiga picha ya nyuma ya jicho. Nikaona tabaka juu ya tabaka, kama koti na doublure, kitambaa yake ya ndani. Katikati ilivimba: mishipa mibovu ilivujisha maji chini yake. “Hii hapana cataracte,” akasema. “Hii haiivi. Inaharibika tu.” Siku ile njo nilikata kifungo.

Nilirudia safari ile mara mbili tena, kila mwezi sindano moja. Mara ya tatu picha ilikuwa imelala sawasawa. Nashona toka utoto, sijaona mikono safi kama ya docta ule. Kwa karatasi ya herufi ya ukuta, pahali sikusomaka hata herufi moja, nikasoma mistari tatu.

“Docta, doublure imelala. Mbona doa ingali katikati?”

“Ni kovu, mama. Sindano inakausha maji, kovu haiondoi. Ungelifika bila kungojea mwaka ile, pengine kovu haingelikuwa.”

Mbele ya kurudi nikamushonea infirmière kifungo yake, kichwa upande, nikiangalia kwa pembeni ya jicho. Akavuta, ikashika. Akanikumbatia.

Sasa niko Beni. Paluku, duka yako naijua, hata na jicho hii. Nitasimama kwa mulango, na utanijibu mbele ya bakiriya, wateja bako: ni nani alikufundisha kwamba jicho ya mutu inaiva?