Miraba Myeusi kwenye Gari Jeupe

Nilifika mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, nikiwa nimechoka kuvuna kahawa kijijini Karambi, kama nilivyokuwa nimechoka kabla yake kule Bwesumbu. Shule niliiacha mapema, lakini kila karatasi iliyobandikwa ukutani niliisoma. Kwa hiyo kwenye steji ya teksi za kwenda Bwera, mpakani, walinipa kazi ya kuita abiria na kuwasomea madereva maagizo ya serikali.

Likaja agizo kwamba kila gari dogo la abiria likaguliwe, lipate leseni na lichorwe mstari wa miraba ubavuni. Mzee mmoja, mkimbizi kutoka upande wa Butembo, Kongo, aliyelisha wajukuu kwa gari lake jeupe, akauliza kipi kinatangulia, maana karatasi haikusema.

"Rangi, muzee," akajibu mwenyekiti wa steji. "Hawakagui gari uchi. Wewe kanisani unaenda bila suruali?"

Tulicheka, mzee pia.

"Basi nitapaka leo. Bakiona iko muzuri, batanipa leseni mbio."

Alikata tundu la mraba kwenye boksi la sabuni, akapaka rangi nyeusi humo, mraba baada ya mraba, akibana pumzi. Nilimshikia kopo. Hakutaka fundi wa rangi; alisema fundi angeharakisha.

Asubuhi madereva walimpigia makofi. Mwenyekiti akampa zamu ya kwanza, heshima ambayo mkimbizi hakuwahi kupewa pale. Nilipanda naye. Kwenye kizuizi cha polisi tukasimamishwa.

"Leseni."

"Afande, naenda kuitafuta. Rangi iko tayari."

"Nani alikuruhusu kuchora kabla ya kukaguliwa? Shuka. Lete ufunguo."

Gari la mwenyekiti, lililokuwa likitufuata, likawachukua abiria wetu juu ya wale liliokuwa nao.

Kwenye kituo cha polisi mzee aliamriwa afute miraba. Aliikwangua kwa kisu mpaka bati likaonekana. Afande akalizunguka gari.

"Sasa hii ni gari ya nyumbani. Ilikuwa inabeba abiria kwa nini?"

Hiyo ikawa kesi ya pili, na gari likabaki uani.

Nilimwuliza mwenyekiti kama alijua kwamba ukaguzi ndio unatangulia.

"Nilijua. Shemeji yangu alikuwa anatafuta nafasi hapa. Kwani mimi nilishika brashi?"

Wiki hiyohiyo shemeji akaanza kazi kwenye nafasi ya mzee. Mzee alipokuja kutafuta usafiri wa kurudi kwake Bwera, gari la mwenyekiti lilikuwa limejaa. Kwetu viti vikiisha, abiria wa mwisho hukaa na dereva kiti kimoja.

"Kuja hapa kwangu, muzee. Utanisaidia gia."

Mzee akajibana, fimbo ya gia katikati ya magoti yake. Nyuma tulikuwa tumepakatana. Kizuizini afande aliangalia leseni kwenye kioo, vichwa hakuvihesabu, akatupungia mkono.

"Mbili," mwenyekiti akasema, na mzee akaingiza gia ya pili.

Ya tatu aliingiza bila kuambiwa.