Bomba la Moshi la Mzee Kirimi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na ikinijia mpaka leo nainamisha kichwa. Ilikuwa Jumapili, miaka ya tisini, hapo Mikinduri. Mimi, mtu mzima mwenye mke, nilikuwa juu ya paa la jirani nikishindilia majani ya ndizi ndani ya bomba lake la moshi.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze nilifikaje huko.

Nilikuwa na hoteli ya chai, mandazi na githeri. Nilipikia mafiga matatu kama mama yangu, kuni zikija kwa lori kutoka msituni, na nilijiona mwenye moto mkubwa kuliko wote sokoni. Kisha ng'ambo ya barabara akafungua hoteli Mzee Kirimi, mpishi wa shule aliyestaafu. Akajenga jiko la matofali lenye mlango mdogo na bomba, jiko la kutumia kuni chache, kama lile alilopikia shuleni. Shambani kwake akapanda miti ya mukima ili awe anapunguza matawi ya kuchoma. Nilimcheka mbele ya wateja wangu, nikasema mzee anapikia ndege, moshi wote anaupeleka angani.

Lakini wateja wakaanza kuvuka. Walimu waliochoka kutoka kwangu wakinuka moshi, akina mama wa sokoni waliokunywa chai yangu wakifuta macho, wote wakahamia kwake. Mwanangu, wivu ulinila. Haukunipa akili ya kuuliza jiko lile linajengwaje. Nilinunua lori jingine la kuni, nikazipanga mbele ya mlango wangu ili azione.

Muda si mrefu amri ikatoka serikalini: hakuna kutoa kuni msituni. Zangu zikaisha, nikawa napika nusu siku. Mke wangu aliniuliza watoto watakula nini hoteli ikifungwa. Na kila asubuhi bomba la Kirimi lilitoa kamoshi kembamba, kama kananisuta. Ndipo nikachukua ngazi, yeye akiwa kanisani.

Jumatatu hoteli yake ilijaa moshi, watu wakatoka mbio wakikohoa. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi mpaka saa nne, alipovuka barabara na yale majani mkononi. Aliitazama ngazi yangu, ya pekee sokoni iliyofika paa lake, akageuka akaenda zake.

Kwetu Meru ukimkosea mzee huendi na maneno matupu. Unapeleka ncoolo, kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya ndizi. Nilipeleka. Alikipokea, akaniuliza:

"Mwenda, ulipanda juu ukaangalia hiyo bomba yangu vizuri?"

"Niliangalia, mzee."

"Basi hii soko yote hakuna mtu anajua hiyo bomba kama wewe. Enda ujenge yako. Ikikushinda, kesho uniite."

Ilinishinda, nikamwita. Akaja akakanda udongo pamoja nami, akanipa na miche ya mukima. Hata huo wema wake niliuonea wivu.

Sasa wewe una bekari yako Maua. Jua moto wako unatoka wapi, na nani anaweza kuuzima kwa neno moja. Punguza kuni na dizeli wakati bado unazipata, maana mimi nilingoja amri, nikajenga jiko watoto wakiwa na njaa. Panda miti mwaka huu. Na ukiona jirani ameweka mtambo wa jua juu ya paa lake, moyo ukakuchoma, vuka barabara umwulize. Mchana, mbele ya watu, bila ngazi.

Murungu akulinde, mwanangu. Jiko lako lisizimike, na vilima vyetu vibaki na miti. Na siku utakayonipita, najua nitaona wivu kidogo. Unisamehe kama alivyonisamehe Kirimi.