Mlango wa Migomba

Harufu ya jelatini inayochemka pamoja na glisirini, hiyo ndiyo shule yangu. Nikimwambia mtu leo kwamba tulisoma tamthilia za Kiingereza kwa msaada wa kitu ambacho Wazungu walikila baada ya chakula cha mchana, ananitazama kama nimeanza kuzeeka vibaya. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Shule yetu ya sekondari, upande wa Uthiru, ilikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha michezo ya kuigiza, nayo imekatika mgongo, na darasa zima la wavulana lilitakiwa kuisoma. Mwalimu Eliakimu, aliyetufundisha Kiingereza, alikataa katakata kutusomea huku tumekunja mikono. Aliichemsha jelatini, akaimwaga kwenye sinia ikaganda, kisha akaandika ukurasa kwa wino mzito wa zambarau na kuulaza juu yake. Akiubandua, maandishi yalibaki kwenye jeli, na kila karatasi tupu uliyoilaza hapo iliinuka na maneno. Siku ya kwanza nilipoliona jambo hilo nilipiga ukelele, darasa likanicheka. Jelatini yenyewe ilitoka Kitisuru, kwenye nyumba ya Mzungu ambako baba yangu alikuwa mpishi. Memsahibu alitoa pakiti bila kinyongo, akidhani Mwalimu ni mgonjwa wa tumbo.

Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu, wa milima ya Maragoli huko magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye suti moja na sauti ya kuhubiri. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Uongo aliuchukia kuliko uvivu. Uvivu ulikuwa fimbo mbili, uongo ulikuwa fimbo zisizohesabiwa. Kitabu chetu kilijaa wafalme na theluji, na yeye mwenyewe alikichoka, basi akatuambia tuandike michezo yetu. Kabla hujaandika hata mstari, alisema, ujue nani anaingia, anataka nini, na nani anamzuia. Wengi wetu tuliandika upuuzi mtupu. Mimi niliandika juu ya ng'ombe aliyepotea, na hadi ukurasa wa mwisho ng'ombe mwenyewe hakuingia. Lakini Njuguna, niliyekaa naye dawati moja, alizaliwa na jambo hilo. Alikuwa mfupi, mwenye pengo la jino, na Mwalimu alizoea kumrushia sentensi isiyoisha ili aimalizie papo hapo kwa Kiingereza, nasi tukibaki vinywa wazi. Mchezo wake ndio uliochaguliwa kuonyeshwa mbele ya wazazi: wanakijiji wanakwenda kwa mtemi kumwomba awafungulie maji.

Nyumbani kwa Njuguna kulikuwa Kinoo. Baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa na alikuwa mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaobeba mkate na divai siku ya Meza ya Bwana. Nilikwenda kwao mara chache, nikamwogopa kidogo, kwa maana hakucheka ovyo, lakini hakuna siku niliyoondoka tumbo tupu. Kisha ikaja Hali ya Hatari, na kwenda kwao kukaisha. Sisi watu wa magharibi tuliweza kupita na karatasi zetu. Askari aliangalia jina, akasema haya nenda. Watu wa Njuguna walihamishwa wakatiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha, na jua likitua hakuna kutoka. Nilijua kwamba kuna kiapo cha kuwapinga Wazungu ambacho watu walilishwa kwa siri, na kwamba aliyekila akijulikana anachukuliwa, na pengine harudi. Kinaliwaje, wapi, mbele ya nini, sikujua kabisa, wala sikuuliza. Njuguna naye, aliyekuwa na neno kwa kila kitu duniani, hakuwahi kukitaja.

Sasa, mchezo ulihitaji mlango. Mwalimu alishikilia hapo kama kupe. Mchezo bila mlango, alisema, ni mazungumzo ya watu waliokaa. Tulikuwa na viti, tulikuwa na magunia ya pazia, tulikuwa na ndevu za katani na taji la bati, lakini mbao hazikuwepo na fundi hakuwepo. Jumba letu lilikuwa na mlango mmoja tu, kando ya sehemu ya kuigizia, na wageni wote wangeingilia hapo hapo. Mwalimu akaamua kuupamba ndio uwe mlango wa mtemi. Nyuma ya bustani ya shule palikuwa na migomba. Kwetu, kukiwa na harusi, vijana hukata migomba, huisimamisha huku na huku, huyafunga majani kwa juu yakawa tao, na bibi harusi hupita chini yake akipigiwa vigelegele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita chini ya matao kama hayo tangu nikibebwa mgongoni. Mwalimu aliposema, "Tutajenga mlango wa migomba," mioyo yetu sisi wa magharibi ilifurahi kama tumeitwa nyumbani.

Wenzetu wa pale hawakufurahi. Huyu tumbo lilianza kumuuma, yule akakumbuka ndoo aliyoiacha mtoni, mwingine akasema panga si kali. Nilikasirika sana, nikawaita wavivu. Njuguna peke yake alibaki, panga mkononi, anautazama mgomba bila kuukata.

"Mwalimu," alisema, "hatuwezi kutumia gunia tu?"

"Gunia ni pazia, Njuguna. Mtu habishi hodi kwenye pazia."

"Au viti viwili, Mwalimu, na ubao juu?"

"Unanifundisha kazi?"

Niliona midomo ya Njuguna inataka kusema kitu kingine na inakataa. Ningekuwa na akili ya leo ningeelewa, lakini akili ya leo niliipata baadaye siku hiyo hiyo, na kwa kishindo. Tao la migomba ndilo lango ambalo watu wa pale walipitishwa chini yake walipolishwa kiapo. Kila mtu wa Kinoo na Uthiru, mkubwa kwa mdogo, alilijua kwa kuliona au kwa kunong'onezwa. Na kulijua ndiko kulikokuwa hatia. Kumwambia Mwalimu "hiki tunachojenga ni kitu fulani" ilikuwa sawa na kusema "mimi nimekiona." Basi wenye kujua walinyamaza, na sisi mbumbumbu tukajenga, tena tukiimba nyimbo za harusi.

Baba yangu alikuwa wa kwanza kufika, amevaa koti alilopewa na bwana wake. Akainama chini ya tao, akacheka: "Eti bwana harusi ni nani hapa?" Akaingia, akakaa mbele. Nyuma yake wakaja wazazi wa Kinoo kwa kundi, wakiwa na ruhusa ya kutoka kijijini, na aliyewatangulia ni baba yake Njuguna, kofia mkononi. Alifika mlangoni akasimama. Jamani, nimeona watu wakisimama kwa njia nyingi maishani, lakini kusimama kule sijakuona tena. Uso wake uliisha damu. Wote waliokuwa nyuma yake nao wakasimama, na mama mmoja akajifunika kanga usoni. Nilikuwa ndani karibu na mlango, nimevaa taji langu la bati, nikaanza kucheka nikidhani wanaona haya.

Wakati huo huo Landrova ikaingia uwanjani. Afisa wa tarafa, Mzungu kijana mwenye masharubu mekundu, alikuwa amealikwa na mkuu wa shule. Alikuja na homgadi wawili, wale walinzi wa kijiji, watu wa pale pale. Homgadi wa mbele aliliona tao, akaruka hatua nyuma, bunduki juu. Alipiga kelele kwa Kikuyu, na Mzungu akageuka, akaliona. Mungu wangu! Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kubadilika rangi kiasi kile.

"Nani jenga hii?" aliuliza kwa Kiswahili chao.

Mwalimu Eliakimu akatoka, anatabasamu, vidole vya zambarau. "Ni mimi, bwana. Ni mlango wa mchezo wetu."

Akaombwa kipande, cheti chake cha utambulisho. Mzungu akasoma jina, akasoma kabila, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, halafu akaguna kicheko kifupi. "Wewe mjinga," akasema, kana kwamba anampa zawadi. Na kweli ilikuwa zawadi, kwa sababu ujinga ndio uliomponyesha. Kisha akawageukia wazazi. "Lakini hawa si mjinga. Huyu mzee, kwa nini simama? Yeye jua hii kitu." Homgadi akamshika baba yake Njuguna ukosi wa koti. Hapo ndipo nilipofahamu, mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Aliyepita hana neno. Aliyesimama ameshikwa.

Njuguna akatoka ndani mbio akiwa na ndevu zake za katani. Nilidhani atalia. Badala yake alipanua kifua, akapiga magoti nusu kama mjumbe wa mtemi, na akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mkuu wa shule kwamba mzee huyu hakufanya kosa lolote, ila kutii. Yeye ni mmoja wa wachezaji. Wote hawa ni wachezaji. Wameagizwa wasimame mlangoni kwa hofu, wasiingie mpaka mjumbe awaite mmoja mmoja, kwa maana ndivyo mchezo unavyoanza.

Hakuna kitu kama hicho katika mchezo ule. Nilikuwa na kurasa zake mkononi.

Mzungu akamtazama Mwalimu. "Kweli?"

Yule mtu aliyetuchapa hata kwa uongo mdogo kabisa alimtazama Njuguna. "Kweli, bwana," akasema. "Ameuandika mwenyewe."

"Basi cheza," akasema Mzungu. Akaingia chini ya tao, akavuta kiti, akakunja nne.

Kwa hiyo ikabidi wacheze. Njuguna alisimama chini ya lango lile, akanyoosha mkono, akamwita baba yake. Homgadi walikuwa wanasikia kila neno la Kikuyu, kwa hiyo hakuweza kumweleza lolote, hata kwa fumbo. Aliweza kusema tu, "Baba, ingia." Mzee hakutikisika. Njuguna akarudia, na safari hii sauti ilipasuka kidogo, naye akaipamba haraka kwa maneno ya Kiingereza ili Mzungu adhani ni maigizo. Kidole cha homgadi kilikuwa kwenye kifyatulio. Mzee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akavaa kofia, akaivua tena, akainama, akapita. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mmoja kwa mwito wake, mama wa kanga akitembea macho yamefumbwa. Walipokaa wote hakuna aliyemtazama mwenzake. Mzungu alipiga makofi peke yake. Alisema hajapata kuona wanakijiji wanaoigiza hofu vizuri namna hiyo. Baada ya mchezo homgadi walilikata tao wakalichoma moto.

Jumatatu dawati lilikuwa na mtu mmoja, mimi. Njuguna hakurudi tena shuleni. Mwalimu alifundisha sarufi hadi mwisho wa mwaka, na hakutaja mchezo wowote. Sisi wengine tulijisemea kwamba mzee amemtoa mtoto kwa hofu, na kwamba pengine alikuwa amekila kiapo kweli, ndiyo maana akasimama. Niliamini hivyo miaka mingi, na nikamsifu rafiki yangu moyoni kwa kumwokoa baba mwenye hatia.

Nilikutana na Njuguna tukiwa wazee, kwenye mazishi huko Kinoo. Tulikaa pembeni na vikombe vya chai, nikamwuliza waziwazi. Akaniangalia kwa mshangao. "Baba yangu? Baba yangu hakukila. Walimjia, akakataa. Wakamjia tena, wakampiga, akakataa. Aliapa mbele ya Mungu hatapita chini ya lango lile hata kwa kufa. Ndiyo maana alisimama." Nikaweka kikombe chini. "Halafu mimi nikamwita," akasema Njuguna. Jumapili iliyofuata mzee alirudisha vyombo vya Meza ya Bwana kwa mchungaji, akakaa kiti cha nyuma, na hadi anakufa, Uhuru umekuja na kuzeeka, hakuuonja tena ule mkate. Mchungaji alimwambia hakuna dhambi. Njuguna alimpigia magoti. Mzee alijibu kwamba lango ni lango. Shule nayo alisema imetosha, kwa maana mtoto anayejua kuita hivyo hahitaji kufundishwa zaidi. Njuguna hakuandika tena mstari hata mmoja. Aliuza maziwa maisha yake yote.

Mjukuu wangu anasoma sekondari karibu na pale pale. Kila mwanafunzi ana nakala yake ya tamthilia, kuna taa za rangi, kuna pazia la kamba, na mlango wa jukwaa umetengenezwa na seremala, una kitasa. Nafurahi kwa ajili yake, haki ya Mungu nafurahi. Majuzi alipewa kazi ya kuwahoji wazee juu ya mchezo bora waliowahi kuutazama, akaniuliza mimi. Nikamsimulia wote, tangu mwanzo hadi mwisho, naye akiandika haraka haraka kwenye simu yake. Alipomaliza akainua kichwa akauliza kama watu walipiga makofi.

Nikamwambia alipiga mmoja.