Mzee wa Mpingo Aliyechelewa Kuitikia

Mwaka ule maonyesho ya sanaa yaliletwa Same kwa lori, yakawekwa katika ukumbi karibu na soko. Dada yangu aliniomba niwateremshe wanawe wawili kutoka kijijini kwetu Vudee, milimani, wakatazame. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kusema mbele ya watu kulinishinda. Dada alijua. Nadhani ndiyo sababu alinituma mimi.

Mlinzi wa mlangoni alitutazama miguu yetu yenye vumbi, akatueleza kwamba vitu vyote mle ndani ni mali ya umma, na mtoto akigusa chochote tutatoka wote. Nikawashika mikono kwa nguvu. Yule mkubwa, msichana, alitaka kujua kwa nini ng'ombe kwenye picha amepakwa rangi ya bluu. Sikujua. Nilipoinama kumwambia hivyo, mdogo wake alichomoka.

Nilimkuta mbele ya meza yenye sanamu ya mzee wa mpingo aliyekaa kwenye kigoda, mkono mmoja ameunyoosha. Mtoto alikuwa ameushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, babu," alisema. Akasubiri. Akarudia.

Nilimnong'oneza aachie, akatikisa kichwa. Kwetu mtoto akimwamkia mzee haondoki mpaka aitikiwe, na mama yake alikuwa mkali kwa hilo. Kila nilipojaribu kumvuta, mzee aliyumba juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kama njiti. Nikasikia viatu vya mlinzi vinakuja, na watu wakaanza kugeuka. Akilini nilishaona kidole kimekatika, nasi tunapelekwa ofisi ya chama.

Basi nikajibanza nyuma ya sanamu, nikatoa sauti nzito kadiri nilivyoweza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," akajibu mtoto, akaachia.

Ukumbi mzima ulicheka. Mlinzi naye alicheka huku akimweka mzee sawa na kukagua vidole, kimoja kimoja. Vyote vilikuwapo. Nikajiegemeza ukutani, nikajikuta nami nacheka mbele ya watu wote wale.

"Piteni huku," mlinzi alisema. "Kuna bibi pia. Ila kwa huyo uitikie mapema, kijana."

Watoto walishatangulia. Nikawafuata, nikikohoa kidogo kusafisha koo.