Bundi Jikoni kwa Mama

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili ambayo akina mama wa jumuiya walikuwa waje kusali nyumbani kwetu Iguhu, lakini hawakuja, kwa sababu yangu.

Nilikuwa mhadhiri kijana wa udaktari wa mifugo. Wenzangu walitibu ng'ombe, wakaheshimiwa. Mimi nilichagua ndege, kobe na chatu. Nikipita soko la Lubao watu walinitania: eti daktari wa kuku, na kuku akiugua si huchinjwa kabla hajafa! Nilicheka nao. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Likizo moja nilirudi nyumbani na bundi aliyevunjika bawa. Chuoni hapakuwa na wa kumlisha, basi nikamweka ndani ya kreti jikoni kwa mama. Unajua bundi huku kwetu: akilia karibu na nyumba, watu huanza kuwaangalia wagonjwa wao. Habari zilifika kwa majirani kabla sijavua viatu.

Mama alikuwa mjane, na wale akina mama ndio waliokuwa watu wake. Zamu yake ya kuwapokea ilipofika, alichemsha chai sufuria nzima, akaazima viti, akavipanga. Hakuja hata mmoja. Tulikaa sisi wawili katikati ya viti vitupu mpaka chai ikapoa.

Niliona haya hadi machozi yakanitoka. Nikamwambia nitampeleka bundi msituni siku hiyo hiyo, na kazi yenyewe nitaiacha, nitibu ng'ombe kama wengine.

Mama alikasirika kuliko nilivyotarajia.

"Akienda leo ataruka?"

"Hapana, mama. Ataliwa."

"Sasa mimi nimekaa na hivi viti bure? Hawa watu wamekuwanga wakikuja hapa tangu tumzike babako. Leo nimewakosa juu ya huyo ndege wako. Nishaumia mimi. Usiniambie ati unaacha. Mponye!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sikuwa nimejua tu kwamba nilimwingiza mama pia mtoni.

Bundi alipona, akaruka. Akina mama walirudi mmoja mmoja, polepole mno; mwingine hakurudi hata siku ya kumzika mama. Hilo linaniuma mpaka leo. Nimekuwa profesa, nimefunga mabawa mengi, na jioni zangu ni kimya. Kazi siijutii. Mama ndiye ninayemkosa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukichagua kazi ambayo watu wako hawaielewi, utakaa peke yako mara nyingi, na usiikimbie kwa hilo. Ila usidhani upweke huo ni wako tu. Yuko mtu nyumbani anayetengwa kwa ajili yako, naye hakuambii. Muulize hali yake angali hai. Mimi kila likizo nilimsimulia mama habari za ndege. Habari za majirani zake sikuwahi kuuliza.

Mungu akupe kazi ya kukushika moyo, na akuwekee mama yako siku nyingi.