Siku Darasa la Tatu Lilipokalia Mikono

Peres hakunywa chai asubuhi ile. Ilipoa kwenye kikombe, nikainywa mimi, maana mimi si mtu wa kumwaga chai yenye sukari kwa sababu ya mkaguzi. Lakini mkaguzi hakuwa anakuja kwangu. Alikuwa anamjia Peres, mwalimu asiye na cheti, na mwaka ule wa 1969 walimu wasio na vyeti walikuwa wakiachishwa kazi ovyo. Somo moja tu lingeamua kama atabaki nasi hapa Riruta au atarudi kwao Gem kushika jembe.

Darasa lake na langu yalitenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo kila alichofundisha nilikisikia, nipende nisipende. Watoto wake wa darasa la tatu walikuwa wakiandika "Jana jioni mama alipika" kwa pumzi moja, kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Hawakujua kuweka mkato baada ya maneno ya kuanzia. Peres akawafundisha kwa makofi. Unasema "Jana jioni", unapiga kofi moja, ndipo unaendelea. Penye kofi pana mkato. Makofi hayo yalinichosha masikio, lakini madaftari ya watoto wake yalikuwa mazuri kuliko ya wangu, na hilo liliniuma.

Asubuhi hiyo hedmasta wetu, Zachariah, alimfuata mlangoni.

"Mwalimu, hiyo makofi leo sitaki. Huyu mtu atasema tunafundisha ngoma."

Peres, kwa hofu, akawaamuru watoto wote wakalie mikono yao mpaka mgeni aondoke. Nilimsikia, nikaona amefanya la maana.

Mkaguzi, Bwana Athman, mtu wa pwani mpole wa sauti, aliketi nyuma kabisa pamoja na hedmasta. Niliwapa wangu hesabu, nikaweka jicho kwenye ufa wa ukuta.

Peres aliandika ubaoni: "Baada ya mvua kunyesha watoto walicheza." Chaki ilimvunjikia mkononi.

"Nani atatuwekea mkato?"

Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza tena, sauti imepanda. Mkaguzi akafungua kalamu.

"Hawajui, mwalimu?"

"Wanajua, bwana."

"Mbona basi hawainui mikono?"

Hapo nikakumbuka. Wamekalia mikono! Maskini, walikuwa wanamtii, naye amesahau! Nilitaka kugonga ule ukuta. Macho ya Peres yalizunguka darasani, mpaka yakatua kwa Nakhumicha, msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa akijinyonganyonga mabega huku mikono imebanwa chini ya mapaja. Hapo akaelewa. Akamtazama hedmasta. Hedmasta akatikisa kichwa: hapana.

"Toeni mikono," Peres akasema. "Someni, na mpige."

"Baada ya mvua kunyesha," wakasema wote, na kofi likalia hata vumbi likadondoka kwenye ufa wangu. Mara mikono ikajaa hewani, kila mtu anataka chaki. Hedmasta akafumba macho.

Mkaguzi aliandika, akatoka. Peres akamfuata uani, nami nyuma yao. Wangu walishaanza kupigana, sikujali.

"Ulikuwa unamwogopa nani, mwalimu?"

"Nyinyi, bwana. Na hedmasta."

"Umefaulu. Lakini ungechelewa kidogo tu, ningeandika kwamba watoto hawa hawajui kitu."

Peres alirudi darasani, akajaribu kuwaambia wafungue madaftari, sauti ikakataa.

"Mwalimu, umefukuzwa?" akauliza Nakhumicha.

Akatikisa kichwa kukanusha, machozi yakimchuruzika, na darasa zima likaanza kulia pamoja naye, kwa sababu hawakumwamini.